Nyumba za Shamba Zilizo Karibu Nasi

Kijana mmoja msomaji wetu, mwenyeji wa hapa Unguja, ametuletea barua akitutaka shauri. Mjomba wake aliporudi safari alimpa kamera, nayo ni nzuri, lakini tangu aipate hajui aitumie kwa nini. Mji Mkongwe, asema, umekwisha pigwa picha na kila mgeni ashukaye bandarini, na wanyama wa bara wataka nauli ambayo yeye hana. Atuuliza: je, mtu asiyekuwa na uwezo wa kusafiri aweza kupata jambo la maana la kulipiga picha?

Twamjibu kwamba aweza, wala hana haja ya kwenda mbali. Apande gari la asubuhi liendalo shamba, ashuke Bububu, au Kizimbani, au Dole, au asogee mpaka Dunga. Kisha aache barabara ya lami na kufuata njia ya miguu ipitayo chini ya miembe. Huko atakuta mambo ambayo babu zetu waliyaona kila siku, nasi twayapita kila siku bila ya kuyaona: nyumba za mawe za mashamba ya zamani, sakafu za kuanikia karafuu, visima, maghala yasiyo na mapaa, na mabonde ya mpunga yaliyo baina yake.

Twasema haya kwa kuwa tumekwisha kupata hasara. Katika mashamba ya nyuma ya Bububu palikuwa na nyumba moja ya mawe ambayo sisi tuliipita kwa miaka isiyopungua ishirini, kila tulipokwenda mazikoni au harusini upande ule. Ghorofa yake ya juu ilikuwa imekwisha anguka zamani, lakini baraza yake ya mbele ilikuwa ingali imesimama, yenye matao matatu, na juu ya tao la katikati palikuwa na nakshi ya chokaa mfano wa ua. Kila tulipopita tulisema, siku moja inshallah tutakuja kuipiga picha. Baada ya masika moja ya mvua nyingi tulipita tena, tukakuta chungu ya kifusi, na watu wawili wakiyapakia mawe yake katika gari la ng'ombe. Tuliuliza kwa jamaa na majirani nani aliye na picha ya nyumba ile. Ikapatikana moja tu, ya harusi, imepigwa mbele ya baraza. Na katika picha hiyo, nyuma ya bega la bwana harusi, yaonekana nguzo moja, tena nusu yake. Hiyo nguzo ndiyo yote iliyobakia.

Ilipoanguka sehemu ya Beit el Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki, khabari ilienea ulimwengu mzima siku ile ile. Na jumba lile, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na picha zisizo hesabu, za ndani na za nje, kuweza kumwongoza fundi. Nyumba ya shamba haina bahati hiyo. Huanguka usiku kama nazi, akasikia mwenye kulala karibu, na asubuhi watoto wakaenda kutazama.

Sasa yafaa kijana wetu ajue anachokitazama, kwani mwenye kupiga picha asiyejua khabari ya kitu hupiga umbo lake tu. Wengi wetu twaiona mikarafuu na minazi tukadhani imekuwapo tangu kisiwa kuumbwa. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali, nao uliletwa huku mwanzo wa karne ya kumi na tisa kwa njia ya visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856, ndiye aliyeutia nguvu upandaji wake mpaka kisiwa kikageuka sura. Msitu ulikatwa, mistari ya mikarafuu ikapandwa vilimani, na wenye mali wakajenga nyumba za mawe huko huko ili wapate kusimamia mavuno na kupumzika na joto la mji.

Kisha mwezi wa Aprili 1872 kikaja kimbunga kikubwa, kikang'oa sehemu kubwa mno ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu. Katika Unguja watu wengi walipanda minazi mahali pa mikarafuu iliyoanguka. Kwa hivyo kijana akisimama katika shamba la minazi akaona katikati yake sakafu pana ya chokaa, iliyopasukapasuka na kuota majani, asistaajabu. Sakafu ile aghlabu ilijengwa kwa kuanikia karafuu. Picha moja iliyochukua minazi na sakafu pamoja yaeleza kimbunga kile vizuri kuliko sisi tunavyokieleza hapa.

Wala lisifichwe jambo jingine. Mashamba haya yalipandwa na kuvunwa kwa mikono ya watumwa, na mawe ya nyumba hizi yalibebwa na wao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa nguvu za sheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa na serikali na watu wakagaiwa ekari tatu tatu. Ndipo ikawa nyumba moja yaweza kusimama katika mpaka wa watu wawili au watatu, huyu ana ukumbi, huyu ana ngazi, na hapana aliye na fedha za kutengeneza paa. Tunayataja haya bila ya kumlaumu mtu, maana ndiyo sababu ya nyumba nyingi kuwa katika hali tunayoiona.

Mwenye kutaka kuanza na mahali panapojulikana, basi na aanze Kidichi. Hapo juu kilimani pana hamamu ambayo Seyyid Said aliijenga mnamo mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, wapate kuoga na kupumzika watokapo kuwinda au kuyatazama mashamba. Kwa nje ni kuba nyeupe zilizo kimya, mtu aweza kuzipita akidhani ni tangi la maji. Ndani kuta zina nakshi za chokaa za mafundi wa Kiajemi: maua, mitende, na ndege. Sisi tulipoingia mara ya kwanza hatukuona kitu, kwa kuwa tulitoka juani. Tukakaa kidogo, macho yakazoea, na nuru iliyokuwa ikishuka kwa tundu za kuba ikaanza kuzitoa zile nakshi ukutani moja baada ya moja. Picha ya mahali kama hapo haitaki taa ya kamera, kwani taa huifuta nakshi ikawa ukuta mtupu. Yataka kamera iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, nuru ya pembeni iachwe ifanye kazi yake, na mpigaji azuie pumzi.

Dunga ni khabari nyingine. Huko Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijenga jumba lake katikati ya karne ile ile, naye alikuwa mtawala wa wenyeji kabla ya wageni na pamoja nao. Lililobakia ni gofu. Na Mtoni, ufukweni, ndiko alikozaliwa Seyyida Salme mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapwa mwaka 1886. Ameeleza humo ua wa jumba lile ulivyokuwa, na wanyama na ndege waliokuwa wakitembea ndani yake. Msomaji wa kitabu kile akisimama leo baina ya kuta za Mtoni huona jinsi maneno yake yanavyohitaji picha, na picha zake zitakavyohitaji maneno.

Lakini hizo ni nyumba za wafalme, nazo zina wenye kuziandika. Tunayoyataka khasa kwa kijana wetu ni yale yasiyokuwa na kibao. Atazame jinsi nyumba ya shamba ilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa katika tanuu la magogo. Dari imechukuliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haifiki urefu mkubwa, vyumba vyote ni vyembamba na virefu, kama kwamba fundi alipimia nyumba kwa mti wa pwani. Maadui wa nyumba hii ni maji na mizizi. Paa likivuja, chokaa hulainika, udongo ulio ndani ya ukuta huoshwa, kisha mbegu iliyoangushwa na ndege huota katika ufa, na mti ukipata nafasi haurudi nyuma. Tena wako wanaotaka kuiokoa nyumba kwa kuipiga lipu ya saruji. Nia ni njema, lakini saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta huharibika ndani hali ya kuwa nje wang'aa. Basi kijana akiona lipu imebambuka, asiione ni ubaya wa picha akatafuta upande mwingine. Hapo ndipo ukuta unapoonyesha ulivyojengwa.

Katika upigaji wenyewe, jambo la kwanza ni jua. Saa sita mchana jua letu huwa juu ya utosi, na mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba husimama sawasawa hata kivuli cha mtu kikapotea chini ya miguu yake. Picha ya saa hiyo haina umbo. Ukuta na uwanja huwa kitu kimoja cheupe. Wakati mwema ni tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu asubuhi, na tangu saa kumi jioni. Wapiga picha wengi husifu jioni. Sisi twapenda zaidi asubuhi, kwa sababu mbili: hewa huwa imeoshwa na umande, na tena nuru ya jioni hufikia uzuri wake wakati ule ule wa kuadhiniwa Magharibi, mtu akawa anakimbia na kamera shingoni kutafuta maji ya kutawadha. Asubuhi umekwisha kusali, na siku yote ni yako.

La pili ni kujua ukuta umeelekea wapi. Katika Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, na katika Desemba hupita upande wa kusini. Kwa hiyo nyumba iliyoelekea kaskazini yaweza kuwa kivulini miezi mingi, kisha ikapata nuru nzuri wakati wa kusi. Kijana asiyekuwa na dira asihangaike, autafute msikiti wa kijiji. Kibla chetu hapa ni kaskazini karibu sawasawa, na ukuta ule wenye mihirabu utamwonyesha njia. Tumelijaribu jambo hili mara nyingi wala halijatupoteza.

Kisha asiishie kupiga upande mmoja ulio mzuri. Aizunguke nyumba, apige pande zake zote nne, tena apige mlango, dirisha, ngazi, ncha ya boriti, na nakshi kama ipo. Katika kila pande aweke kitu kinachojulikana kipimo chake, kama fimbo aliyoitia alama za dhiraa, ili atakayetazama baadaye ajue urefu wa tao. Na arudi nyuma, arudi tena, mpaka nyumba ionekane pamoja na shamba lake: njia iliyoijia, kisima, mwembe wa uani, bonde la mpunga lililo chini. Nyumba iliyokatwa na ardhi yake yaweza kuwa nyumba ya mahali popote. Msimu wa karafuu ukifika, na majamvi yakatandazwa barazani, na wanawake na watoto wakakaa kuzichambua karafuu na makonyo yake, hapo picha hujipanga yenyewe. Karafuu mbichi zilizoanikwa asubuhi huwa kijani na nyekundu, na baada ya siku nne au tano za jua kali huwa zimekuwa za rangi ya kahawia. Mwenye subira aweza kwenda kila siku akasimama mahali pale pale.

Lakini hapo tumefika kwenye watu, na kwa watu pana adabu. Tumeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja kama kazi hii yafaa katika nyumba ya Kiislamu. Khitilafu ya wanavyuoni katika mambo ya taswira yajulikana, nayo ni katika picha za vyenye roho. Ama miti na majumba, imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mungu amuwie radhi, alipojiwa na mtu ambaye kazi yake ni kuchora alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyokuwa na roho. Na katika picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuonyesha kwamba kunasa kivuli cha kitu si sawa na kukiumba. Wako walioshika kauli ya kukataza, nao wana heshima yao. Kijana wetu, maadamu kazi yake ni ukuta na mnazi, yuko mahali pa salama.

Pasipo salama ni uani kwa watu. Nyumba hizi, hata zile zinazoonekana magofu, mara nyingi zina mwenye kuishi chumba cha nyuma. Piga hodi mara tatu, usipojibiwa, rudi. Usiinue kamera kabla ya salamu kujibiwa. Wakiwapo wanawake kazini, omba ruhusa kwao wenyewe na kwa mwenye nyumba, na ukikataliwa, kunja kamera yako bila ya kununa. Tena tazama unapokanyaga, kwani karibu na nyumba za shamba huwa pana makaburi ya zamani, mengine hayana alama ila mawe mawili katika majani.

Jumamosi moja tuliwachukua vijana sita, wavulana wanne na wasichana wawili pamoja na mama yao, tukaenda kwenye nyumba moja iliyobakia nzima kidogo, upande wa Dole. Vijana walikuwa na simu zao, na mmoja kamera. Walikuwa wameizunguka ile nyumba, wakigombania mlango wa kuchonga nani aanze, mara akatoka bibi mmoja mtu mzima sana katika kibanda cha makuti kilichokuwa nyuma, akasimama akitutazama. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona kisima hamkipigi?"

Kisima chenyewe kilikuwa chini ya mwembe, kimejaa majani, nasi tulikuwa tumekipita bila ya kukitambua. Bibi akatupeleka. Akatuonyesha mdomo wa kisima, jiwe limelika mistari myembamba, mingine imezama inchi nzima, akatueleza kwamba mistari ile ni ya kamba. Bibi yake mzaa mama yake, alisema, alikuwa akiteka maji hapo kwa ajili ya jumba lile toka alfajiri, naye hakuja shamba hili kwa hiari yake. Hakusema zaidi. Wala hatukumwuliza zaidi. Alipitisha kidole chake katika mstari mmoja, akarudi kibandani kwake kuendelea na kusuka ukili.

Vijana walinyamaza muda. Kisha yule mwenye kamera akapiga magoti akasafisha majani kwa mkono, akangoja jua lizunguke mpaka lilipoingia kwa pembeni, na ile mistari ikatoka kwenye jiwe kama mwandiko. Alipiga picha tatu. Twaona kwamba picha hizo zina thamani kuliko zote zilizopigwa siku ile, pamoja na za mlango. Vibanda walivyolala wale waliolima shamba vilikuwa vya udongo na makuti. Havikuacha gofu hata moja, na mwenye kutafuta magofu tu atatoka na khabari za mwenye jumba peke yake. Zatakiwa alama ndogo: mdomo wa kisima, jiwe la kusagia, ngazi iliyolika katikati, njia iliyochimbika kwa kukanyagwa. Na hizo hazijulikani ila kwa kuuliza wazee, nao pia hawakai daima.

Picha ikisha kupigwa isiachwe ndani ya simu. Simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa, na pamoja nayo hupotea kazi ya miaka. Chagua chache, uzichapishe karatasini, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu ya risasi, si kwa kalamu ya wino upenyao: jina la shamba kama wenyeji walivyolitaja, mtaa, tarehe, ukuta umeelekea wapi, na ni nani aliyekueleza, akikupa ruhusa ya kumtaja. Nyaraka za Zanzibar, hapo Kilimani, huhifadhi picha za kale, na kijana atakayekwenda kuzitazama atapata faida, kwani atajifunza jinsi picha isiyo na maandishi inavyowasumbua walio hai. Katika picha za zamani tulizoziona sisi, za wapiga picha wa mjini waliokuwa na maduka yao, kama lile la Ranchhod Oza lililofunguliwa mwaka 1930, twaona mabandari na masultani na maharusi kwa wingi. Shamba ni chache. Mahali hapo palipobaki tupu ndipo pa kijana wetu na kamera ya mjomba wake.

Tulirudi Dole baada ya wiki tatu, tukampelekea bibi picha moja ya kisima, kubwa, imetiwa fremu ya mbao. Aliitazama kwa mbali, kisha kwa karibu, akaigeuza nyuma kuona kulikoandikwa. Hajui kusoma herufi hizi, basi akamwita mjukuu wake amsomee. Mtoto alisoma jina la shamba, na tarehe, na kwamba mistari ni ya kamba. Bibi akasema tumesahau kuandika jina la bibi yake. Tukaomba kalamu ya risasi, akalitaja, tukaliandika.